Je, Wajua? Mmea Mdogo Unaodai Ushahidi

Mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo, ukuta wa kisima, shina la mwembe na ngazi za mawe huvaa kijani laini kama zulia. Kijani hicho ni kuvumwani, na wengi wetu tukikiona tunachukua ufagio na kukikwangua. Lakini katika maabara za Ujerumani, Japani, Uingereza na Uswisi iko aina moja ya kuvumwani inayolelewa kama mtoto wa mfalme. Jina lake la kisayansi ni Physcomitrium patens. Watafiti huzikata jeni zake moja baada ya nyingine ili wajue mmea hujengwa vipi tangu seli ya kwanza.

Utamu wenyewe uko hapa: siku hizi kuingiza mkasi wa kukata jeni uitwao CRISPR ndani ya seli ni kazi ya siku moja, ila kujua kwa hakika umekata nini huchukua wiki, pengine miezi. Karibu tuifuate safari hiyo, ajabu moja baada ya nyingine.

Ukoo mzima ulitoka katika spora moja

Kwa miongo mingi, karibu kila kuvumwani ya aina hii iliyochunguzwa maabara ilikuwa uzao wa spora moja tu! Spora hiyo ilitoka kwenye mmea uliookotwa mwaka 1962 na Mwingereza H. L. K. Whitehouse katika msitu wa Gransden, si mbali na Cambridge. Ni kama wakazi wote wa jiji kuwa wajukuu wa bibi mmoja. Faida yake ni kubwa: mtafiti wa Okazaki, Japani, na mwenzake wa Freiburg, Ujerumani, wakianza na damu moja, tofauti watakayoiona huelekea kutoka kwenye jeni waliyoikata, si kwenye asili ya mmea.

Kina jeni nyingi kuliko wewe

Kimmea hiki kisichozidi urefu wa punje ya mchele kina jeni zaidi ya 30,000, ilhali binadamu ana takriban 20,000! Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2008, na ina herufi za DNA karibu milioni 500 zilizogawanywa katika kromosomu 26. Ukizisoma herufi moja kwa sekunde, usiku na mchana bila kulala, utamaliza baada ya miaka karibu 16. Sasa fikiria: badiliko analolitafuta mhariri wa jeni huweza kuwa herufi moja tu katika kitabu hicho chote.

Nakala moja tu, hakuna pa kujificha

Karibu kila jeni yako unayo mara mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu. Kuvumwani, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ina seti moja basi! Chumba chenye taa mbili ukizima moja huenda mgeni asitambue, lakini chenye taa moja giza huingia papo hapo. Ndiyo maana jeni ikiharibika katika mmea huu, athari yake huonekana bila kusubiri kizazi cha pili.

Jani lenye unene wa seli moja

Ukiondoa mshipa wa katikati, jani la kuvumwani hii lina tabaka moja tu la seli! Mtafiti hahitaji kulikatakata. Huliweka chini ya hadubini na kuziona seli zimejipanga kama vigae vya sakafu, kila kimoja na mpaka wake. Kwa anayetaka kujua jeni fulani hufanya nini katika ukuaji, hiyo ni sawa na kutazama nyumba ikijengwa huku kuta zake zikiwa za kioo.

Seli huvuliwa nguo, kisha hupashwa joto

Ili DNA mpya iingie, seli za kuvumwani huvuliwa kuta zake hadi zibaki viduara vya kijani vilivyo uchi! Kazi ya kuvua hufanywa na vimeng'enya vya kuvu wa jamii ya uyoga, ambao huko msituni huvitumia kulainisha na kula miti iliyokufa. Baada ya hapo huja polietilini glaikoli, jamaa ya dawa ya kulainisha choo inayouzwa famasi, na joto la nyuzi 45 za Selsiasi kwa dakika chache. La kustaajabisha zaidi ni kwamba kila kiduara kilichosalimika kinaweza kuota mmea kamili, na kila mmea huanzisha ukoo wake, unaopaswa kuchunguzwa peke yake.

Ilikuwa na tabia ya hamira kabla ya CRISPR kuvuma

Mwaka 1997, Didier Schaefer na Jean-Pierre Zrÿd wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba kuvumwani hii huipokea DNA mpya mahali pale pale unapotaka! Mimea mingi huipachika popote, kama mgeni anayeingia nyumba yoyote iliyo wazi. Kuvumwani hulinganisha herufi, ikatafuta sehemu inayofanana, ikaiweka hapo, jambo ambalo wanasayansi walilizoea kwa hamira, ile ile inayoumua maandazi. Tangu hapo ikawa kipenzi cha wachunguzi wa ukuaji wa mimea.

Mkasi wa jeni ulitoka kwa bakteria wa maumivu ya koo

Cas9, protini maarufu zaidi ya kukata jeni, asili yake ni Streptococcus pyogenes, bakteria anayesababisha maumivu ya koo! Yeye huitumia kuwakata virusi wanaomvamia. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha mwaka 2012 jinsi ya kuielekeza ikate mahali unapotaka, na mwaka 2020 wakapata Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Kielekezi chake kina herufi 20. Kwa herufi nne za DNA, mipangilio ya herufi 20 inazidi trilioni 1, ndiyo maana mkasi huweza kulenga sehemu moja katika jenomu nzima. Hata hivyo huweza kudanganywa na sehemu inayofanana sana, hivyo mchunguzi makini hukagua na majirani.

Kosa la fundi ndilo linalosubiriwa

Mkasi hauifuti jeni. Huikata tu, na seli yenyewe hukimbilia kuunga! Katika haraka ya kuunga, mara nyingi herufi hudondoka au huongezeka, na hapo ndipo jeni huharibika. Kwa kuwa seli husoma DNA herufi tatu tatu, jaribu sentensi hii: MTU AJE ALE YAI. Ondoa herufi moja tu, ile T, kisha usome tatu tatu: MUA JEA LEY AI. Maana imepotea yote! Sasa ondoa herufi tatu, neno AJE: MTU ALE YAI. Sentensi bado ina maana. Kwa hiyo kupotea herufi moja kwaweza kuiua jeni, na kupotea tatu kukaiacha hai. Anayesema "imekatwa" lazima aulizwe: herufi ngapi?

Sumu inayowaokoa walioharibiwa

Iko sumu inayoua kuvumwani nzima na kumwacha hai yule aliyeharibiwa jeni moja! Jeni hiyo huitwa APT, na sumu ni fluoroadenini. Yenyewe, sumu hiyo haijakomaa. Ni kimeng'enya cha APT kinachoigeuza kuwa ya kuua. Mmea usio na APT hauna wa kuigeuza, basi unaendelea kuota. Watafiti hutumia ujanja huu kupima makali ya mkasi mpya: wanahesabu tu mimea iliyobaki ya kijani kwenye sahani.

Kipimo kile kile cha UVIKO-19

PCR, jina tulilolizoea viwanja vya ndege wakati wa UVIKO-19, ndiyo hatua ya kwanza ya kumkagua kuvumwani aliyehaririwa! Kipande cha DNA huzidishwa mara mbili, kisha mbili tena; baada ya mizunguko 30 kipande kimoja huweza kuzaa zaidi ya bilioni 1. Kimeng'enya kinachovumilia joto la kazi hiyo kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Hivyo mtafiti hukwanyua kipande kidogo cha mmea, akakipima, na mmea ukaendelea kukua bila habari.

Mbio za DNA ndani ya jeli ya mwani

Vipande vya DNA hupimwa urefu kwa kukimbizwa ndani ya jeli iliyotokana na mwani mwekundu wa baharini! DNA ina chaji hasi, hivyo umeme ukiwashwa hukimbilia upande chanya. Vipande vifupi hutangulia na virefu hubaki nyuma, kama watoto wanavyopenya umati wa Kariakoo huku mtu mzima aliyebeba gunia akihangaika. Jeli hiyo huitwa agarosi. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, nao ni wa kundi la mwani mwekundu, ila zao lake ni karagini, inayogandisha vyakula na dawa ya meno. Akina mama wanaofunga kamba za mwani maji yakitoka wanashughulika na ndugu wa mmea ulioipa sayansi uwanja wake wa mbio.

Mstari unaodanganya, na kimya kinachodanganya zaidi

Mmea uliokatwa jeni unaweza kuonekana kwenye jeli sawasawa na mzima! Herufi moja ikipotea katika kipande cha herufi 500, jeli ya kawaida haiwezi kuonyesha tofauti. Na kinyume chake kipo: pengo likiwa kubwa hadi likabeba na sehemu ambazo PCR huanzia, hakuna mstari utakaotokea, na mtu mwenye haraka akadhani kipimo kimeharibika tu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Ndiyo maana kila kipimo huenda na mwenzake: mmea mzima kando ya uliohaririwa, na jeni nyingine isiyoguswa ili kuhakikisha kuwa DNA yenyewe ilikuwa nzuri.

Aliyepata Nobeli mbili ndiye anayetoa hukumu

Njia inayomaliza ubishi ni kusoma herufi zenyewe, na aliyeibuni mwaka 1977, Frederick Sanger, alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mara mbili, 1958 na 1980! Matokeo huja kama safu ya vilima vya rangi nne, kila kilima herufi. Kuvumwani yenye seti moja ya jeni hutoa vilima safi, kimoja kwa kila nafasi. Vikianza kupandana kuanzia mahali pa mkato, mtafiti anajua mbele yake hakuna mmea mmoja: labda seli mbili tofauti ziliota pamoja, zikatoa kimmea cha mchanganyiko kinachopaswa kutenganishwa upya.

Kipimo cha Kusini kilizaa cha Kaskazini na cha Magharibi

Mwaka 1975 Mwingereza Edwin Southern alibuni kipimo cha kutafuta kipande fulani cha DNA, kikapewa jina lake, na jina hilo maana yake ni "wa Kusini"! Waliobuni kipimo kama hicho cha RNA wakakiita cha Kaskazini, na cha protini kikawa cha Magharibi. Kwa kuvumwani, kipimo cha Kusini hujibu swali zito: DNA tuliyoipachika imeingia mara ngapi? Mara nyingine nakala kadhaa hujipanga foleni mahali pamoja, au moja hukimbilia kona isiyokusudiwa na kuvunja jeni nyingine kabisa.

Seli mbili zikikumbatiana, hesabu yote hubadilika

Polietilini glaikoli, ile kemikali inayosaidia DNA kuingia, huweza pia kuziunganisha seli mbili zikawa moja! Mmea unaoota hapo una seti mbili za jeni badala ya moja, na mara nyingi umbo lake hutofautiana kidogo na wenzake. Mtafiti asiyejua angeisingizia jeni aliyoikata. Kwa hiyo viini vya seli hupakwa rangi na kupitishwa kimoja kimoja mbele ya mwanga wa leza, ambao hukadiria kiasi cha DNA kwa mng'ao wake, kama mfanyabiashara anavyoweka magunia kwenye mizani ajue lipi lina mzigo maradufu.

Ndugu wanne wanaolindana

Kuvumwani huanza maisha kama uzi wa seli zilizopangana foleni, kisha siku moja hutoa chipukizi lenye majani! Kuhama huko, kutoka uzi uliotambaa hadi mmea uliosimama, ni miongoni mwa hatua kubwa katika historia ya mimea ya nchi kavu. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jeni nne za familia ya APB hushikilia mlango huo: zikiondolewa zote nne, mmea hubaki nyuzi tu, hausimami kamwe. Akibaki ndugu mmoja, huweza kufanya sehemu ya kazi ya walioondoka. Hapo uthibitisho huwa mara nne, kwa sababu kosa kwenye jeni moja tu huigeuza hadithi yote.

Jeni ya kuvumwani iliota vinyweleo kwenye mmea mwingine

Mwaka 2007 timu ya John Innes Centre, Uingereza, pamoja na wenzao, ilichukua jeni ya kuvumwani na kuipa Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi uliokosa vinyweleo vya mizizi, na vinyweleo vikarudi! Kuvumwani haina hata mizizi. Ina nyuzi za kujishikizia ardhini. Mababu wa mimea hiyo miwili waliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na bado jeni ilielewana na mwenyeji wake. Kurudisha jeni ni ushahidi mtamu kuliko wote: ukiitoa kitu kinapotea, ukiirudisha kinarejea, basi hakuna wa kusingiziwa mwingine.

Shahidi mmoja hatoshi

Mmea mmoja uliohaririwa, hata ukipita vipimo vyote, hauaminiki peke yake! Watafiti hutaka koo mbili au zaidi zilizotokana na seli tofauti, zilizokatwa kila moja kivyake. Zikionyesha kasoro ile ile, dai linasimama. Pwani kwetu tunalijua jambo hili tangu mabarazani: mashahidi wawili wasiokutana wakisema neno moja, kadhi husikiliza.

Hata mzazi lazima apimwe

Ule ukoo mashuhuri wa Gransden, baada ya miaka mingi ya kuzalishwa maabara kwa vipande, ulipungukiwa sana na uwezo wa kuzaa! Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 uliugusa mkia wa mbegu za kiume: zilikuwa na hitilafu ya kuogelea, na jeni iliyohusishwa ni CCDC39. Binadamu naye ana jeni hiyo, na ikiharibika huleta maradhi ya vinyweleo vinavyosafisha njia za hewa. Siku hizi maabara nyingi hutumia ukoo wa Reute, uliookotwa mwaka 2006 karibu na Freiburg, unaozaa vizuri. Somo lake: kabla hujamlaumu mtoto, mjue mzazi.

Swali lile lile, "umekata nini?", liliulizwa Nairobi

Kuna ndizi zilizobeba virusi ndani ya DNA yao wenyewe, vimelala kama moto chini ya jivu! Gonja Manjaya, ndizi ya Afrika Mashariki, ni mojawapo. Ikipatwa na ukame, virusi vya michirizi huamka. Mwaka 2019 timu ya Leena Tripathi wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Nairobi, ilitangaza kuwa imevikata virusi hivyo kwa CRISPR. Haikuishia kwenye mkato: ilisoma herufi, kisha ikainyima mimea maji ili virusi vijaribiwe kweli, na robo tatu ya mimea iliyohaririwa haikuonyesha dalili. Ustadi unaonolewa kwenye kuvumwani ndio huo huo unaohitajika shambani.

Koo zikishathibitishwa, hugandishwa

Freiburg, Ujerumani, kuna kituo cha kimataifa kinachotunza koo za kuvumwani zikiwa zimegandishwa kwenye baridi ya nitrojeni kimiminika! Zikiyeyushwa huamka na kuendelea kukua. Kila ukoo una namba yake ya usajili, ili mtafiti atakayesoma habari zake miaka 20 ijayo auombe ule ule na aurudie kuupima mwenyewe. Kijani ambacho sisi hukikwangua ngazini, kule kina cheti cha kuzaliwa, na kila neno la cheti hicho limepimwa kabla ya kuandikwa.